Hapana Kuzima: Jinsi Tulivyompeleka Wairimu Gatuanyaga

Nimechoka kuulizwa. Nikienda mferejini, "Mama Njeri, ati mlikuwa mnamzika nani kule Ndarugu?" Nikienda dukani, mtu ananguruma kwa mdomo kama pikipiki halafu anacheka mpaka anashika tumbo. Hata mama mkwe wangu alipata habari kwa watu kabla hajazipata kwangu. Basi kaeni chini niwape yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa huyu mtoto ambebe mpaka jioni.

Mambo ya pasi na ruhusa za kusafiri nayaruka. Mnayajua wenyewe, na leo nina furaha.

Ruiru, kabla ya kutoka

Kwa asiyetujua, mume wangu ni Kamau, fundi wa mitambo katika shamba la kahawa hapa Ruiru. Ana pikipiki kuukuu ya kabla ya vita, yenye kigari cha pembeni, kile kibeseni cha gurudumu moja ambacho abiria hukaa ndani miguu mbele. Aliikuta imetupwa nyuma ya stoo, kuku wametaga ndani ya kigari, akaifufua kwa miaka miwili huku mimi nikila ugali wenye harufu ya grisi. Wako wanaume wengine watatu wenye ugonjwa huo huo, na wote wanne wameanzisha kilabu. Wanaiita Kilabu ya Wazee. Wazee ni zile pikipiki, si wao, ingawa Gathogo anakaribia.

Gathogo ndiye mwenyekiti. Ni kinyozi, mnene, na hawezi kunyanyuka kitini bila hotuba. Wa pili ni Mwalimu Zakayo wa shule ya kanisa, ambaye huvaa koti refu jeusi hata jua likiwaka namna gani. Wa tatu ni Mutiso, Mkamba anayechonga mawe machimboni, mtu wa kusema mara mbili kwa siku. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wanatoka matembezi pamoja. Wanafika mahali, wanakunywa chai, wanasifiana, halafu wanarudi wakisukuma.

Kilabu ina sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kuachana: mmoja akisimama, wote wamesimama. Ya pili, hapana kuzima isipokuwa mahali pa mteremko. Hakuna hata mzee mmoja kati ya hao wanne anayewaka kwa kupigwa teke. Lazima abingirishwe kwenye mteremko, apate mwendo, ndipo akohoe na kuamka. Ukizima mahali pa tambarare, hapo ndipo utalala.

Sasa niwaambie habari ya mama yangu, kwa maana safari yote ilikuwa yake. Anaitwa Wairimu, anaishi Gatuanyaga, kule kukavu mashariki ya Thika, karibu na mashamba ya mkonge. Siku ya harusi yangu Kamau alikuja kanisani na hiyo pikipiki. Alichelewa mpaka mchungaji akaenda kufungisha harusi nyingine, na alipofika alikuwa mweusi kwa mafuta kutoka paji la uso mpaka shati la harusi. Mama yangu aliaibika mbele ya ukoo wote. Alisema pale pale, watu wakisikia, kwamba hiyo kitu hataipanda maisha yake, na huyo mtu wa moshi hataki kumwona mlangoni pake. Akatimiza. Njeri wetu wa kwanza alipozaliwa, mama alikuja kumwona siku Kamau yuko kazini, akaondoka kabla hajarudi.

Halafu tukapata msichana wa pili, na nyinyi mnajua kwetu wa pili ni wa nani. Njeri ni jina la mama yake Kamau. Huyu wa pili ni wa mama yangu, Wairimu. Kwetu mtoto hapewi jina tu kama anavyopewa kofia. Yeye ni mama yangu mwenyewe, amerudi mdogo. Lakini alikuwa na miezi mitano na mama hajamwona, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumkatalia.

Ndipo ikaja habari kwamba kakangu aliyeko Nanyuki anamchukua mama akaishi naye huko. Angeondoka Jumapili hiyo kwa garimoshi la jioni kutoka Thika, kaka ampokee huko. Mama ni mzee, na Nanyuki si hapa. Nilijua kwamba kama hatutamkuta nyumbani, huenda asimtemee mtoto mate ya baraka kamwe, na yeye na Kamau watakwenda hivyo hivyo mpaka kaburini. Jumapili hakuna basi la kwenda Gatuanyaga. Nililia usiku mzima wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Kamau alikwenda kwa kinyozi akarudi hajanyolewa, akasema, "Kilabu imekubali. Wote wanne. Tunampeleka."

Nilimwambia ana wazimu. Halafu nikaanza kupiga nguo za mtoto pasi.

Ruiru mpaka Ndarugu

Tulitoka saa mbili, baada ya ibada ya mapema, Njeri tumemwacha kwa jirani. Gathogo alitoa hotuba, Mwalimu Zakayo akaomba, na alipofika kwenye "utulinde njiani" pikipiki yake ikazima, kwa hiyo maombi yalianza upya. Sote tulikuwa tumebingirishwa mmoja mmoja kwenye mteremko wa mtoni na watoto wa Ruiru nzima, wakipiga kelele kuliko injini.

Haki ya Mungu, wanawake wenzangu, hamjui mnachokosa! Niliketi ndani ya kile kigari, mtoto kifuani, kitambaa kimefungwa kidevuni, na upepo ukanijaa mdomo. Mibuni ya kahawa ilikuwa inakimbia pande zote. Nilianza kwa kumlaani Kamau na kabla hatujafika Juja nilikuwa ninaimba. Mtoto alicheka kwa sauti mara ya kwanza katika maisha yake, na hakuna aliyemsikia ila mimi.

Raha ilikwisha mlimani, tulipovuka mto Ndarugu. Pikipiki ya Mutiso ilikata mnyororo. Mmoja amesimama, wote wamesimama, na ukipanda mlima na kusimama, injini inakufa. Mutiso alitazama mnyororo, akasema, "Mpaka juu," na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya siku.

Basi tukaanza kusukuma. Mwalimu Zakayo alitangulia na koti lake jeusi, kofia mkononi kwa ajili ya joto. Nyuma yake ni Kamau na pikipiki yetu. Mtoto alikuwa amelala, nikamlaza ndani ya kigari, nikatandaza juu shuka nyeupe nene asipate inzi wala jua. Mimi nikatembea pembeni nikipangusa macho, kwa sababu jasho lilikuwa limeniingia. Gathogo na Mutiso walifuata, wakihema.

Tukakutana na akina mama wa kanisa, wapata kumi na wawili, wanatoka ibadani. Walituona, wakanyamaza. Mmoja akavua kilemba. Halafu wakaanza kuimba polepole ule wimbo wa kusindikiza marehemu, wakageuka wakaandamana nasi. Mama mmoja mnene alinishika bega akasema, "Pole, dada. Alikuwa mkubwa?"

Nilidhani anauliza habari ya mtoto. "Miezi mitano," nikamjibu.

"Ngai, Mungu wangu!" Akaangua kilio. Wenzake wakaja, mmoja akashika kigari nyuma akasukuma, wa pili akashika usukani, wengine wakaenda kwa pikipiki za nyuma. Nilipong'amua mambo, nilimvuta Gathogo nikamwambia, "Mwenyekiti, hawa wanafikiri tuna maiti!"

"Najua," alinong'ona, jasho likimtiririka. "Mama Njeri, nakuomba. Mpaka pale juu tu. Unaona wanavyosukuma?"

Sikujua nicheke au nimpige. Hata Mwalimu Zakayo, mtu wa Mungu, aliinamisha kichwa akaendelea kutembea, na baadaye aliniapia kwamba alikuwa anatafakari. Tulifika karibu na kilele, tangu hapo hatujatoa jasho tena, ndipo Wairimu akaamka. Alipiga ukelele mmoja chini ya ile shuka, na teke juu yake.

Uuuwi! Wale akina mama walitawanyika. Viatu vilibaki barabarani. Mmoja alikuwa ndani ya mkonge kabla sijafunua shuka. Yule mnene peke yake alibaki amesimama, amenishika bega kwa nguvu mpaka alama iko hadi leo. Nilimwinua mtoto juu nikapaza sauti, "Yu hai! Alikuwa amelala! Tunampeleka kwa nyanya yake!"

Walirudi mmoja mmoja. Walitukemea, oh, walitukemea vizuri, na Gathogo ndiye aliyepata zaidi. Halafu yule mnene alianza kucheka, akakaa chini barabarani akicheka, na wote wakaambukizwa. Walimpitisha mtoto mikononi mwa wote kumi na wawili. Mutiso alipomaliza kuunga mnyororo kwa waya, wao ndio waliotusukuma upande wa pili wa mlima tukawaka, wakiimba, na safari hii ulikuwa wimbo wa harusi.

Thika, chai ya mteremkoni

Tulifika Thika saa sita, tumechelewa, na nilitaka tupitilize. Lakini pikipiki zilikuwa zinachemka na lazima zipumzike. Kuzipumzisha kunataka mteremko. Kwa hiyo hatukunywa chai mjini kama watu, tulikwenda mpaka kwenye mteremko wa mto Chania, kwa mama mmoja anayeuza chai na mandazi chini ya mabati, tukasimamisha wazee wetu kwa mawe mbele ya magurudumu.

"Kuna benchi huku, mahali sawa," yule mama akatuambia.

"Asante, hapa panatufaa," Gathogo akasema, akakaa, benchi likateleza naye mpaka likagota mti.

Tulikunywa chai ile tumeshika vikombe kwa mikono miwili. Tulinunua mananasi mawili, Mutiso akayakata kwa kisu chake cha kazini, maji yakatutiririka mpaka viwiko. Mwalimu Zakayo alikula na koti. Kamau hakula. Nilimwona ametoa shati jeupe kwenye karatasi, lile alilonunua kwa siku hiyo tu, akaenda mtoni akanawa mikono kwa mchanga, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alirudi akaninyooshea vidole nivikague.

"Bado kuna weusi kwenye kucha," nikamwambia.

"Huo hautoki, Mama Njeri. Ni mimi huo." Alicheka, lakini niliona anaogopa. Mume wangu, ambaye huingiza mkono katika mashine inayozunguka, alikuwa anamwogopa bibi kizee wa Gatuanyaga. Nilimpenda sana pale, na sikumwambia, kwa sababu Gathogo alikuwa anasikiliza.

Thika mpaka Gatuanyaga

Ukitoka Thika kwenda mashariki, nchi inajinyoosha. Vilima vinakwisha, udongo unageuka mwekundu halafu wa kijivu, na vumbi linakaa hewani hata kama hakuna aliyepita. Tulikwenda vizuri ajabu. Mbuzi walitukimbia, mzee mmoja alitupigia saluti, nasi tukampigia. Nilikuwa nimefurahi mpaka nilipotazama mbele na nyuma, nikatambua kitu ambacho wanaume wanne wa kilabu, na mikutano yao yote, hawakukifikiria hata mara moja.

Gatuanyaga hakuna mteremko.

Kwa mama ni tambarare kama sinia. Kulia mkonge, kushoto mkonge, katikati boma lenye ua wa miti na lango moja. Nilimwona mama kwa mbali. Alikuwa ameketi uani juu ya sanduku lake, blanketi limekunjwa, vyungu vimefungwa kamba, amevaa viatu vya kanisani, anasubiri mkokoteni wa jirani wa kumpeleka stesheni. Tulikuwa tumemwahi! Nilipunga mkono. Mama akasimama.

Na Kamau akapita lango.

"Simama!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Simama!"

Hakusikia kitu. Alikuwa anatazama ardhi pande zote, anatafuta kilima, hata kichuguu. Alizunguka boma lote, na nyuma yake Mwalimu, na nyuma yake Mutiso, na mwisho Gathogo, aliyevua kofia na kumpungia mama yangu kwa heshima zote akipita. Tukatokea tena langoni. Tukapita tena. Nilionyesha lango kwa kidole, Kamau akaitikia kwa kichwa, akidhani ninamwambia azunguke. Mama alikuwa ameketi tena juu ya sanduku. Kuku walikuwa wamepanda juu ya nyumba.

Sasa nyinyi ni watu wa kwetu. Mkwe anapokuja, husimama nje ya lango, hubisha hodi, hungoja kimya mpaka aitwe. Huyu wangu alikuja na wenzake watatu, akamzunguka mama mkwe kwa moshi na kelele kama ng'ombe wanaopura ngano. Mara ya tatu tulipotokea, niliona mama ananyanyuka, anaingia ndani, anafunga mlango. Aliufunga polepole, na hilo ndilo lililoniumiza.

Damu ilinichemka. Nilimweka mtoto katikati ya magoti, nikanyoosha mkono mpaka kwenye injini, nikashika waya wa plagi, nikaung'oa.

Msijaribu. Umeme ulinipiga mpaka begani na meno yakagongana. Lakini ile pikipiki ilikufa mbele ya lango hasa. Kamau aligeuka akanitazama kama nimemchoma kisu.

"Hapa ni tambarare!" akasema.

"Na hapo ni mlango wa mama yangu, Baba Njeri! Utatoka hapa kwa miguu, au kwa mabawa, sijui, lakini utabisha hodi!"

Mmoja amesimama, wote wamesimama. Mwalimu akazima. Mutiso akazima. Gathogo alizunguka mara moja tena kwa uchungu, halafu naye akazima. Kukawa kimya namna ambayo sikuwa nimesikia tangu asubuhi, mpaka nikasikia kuku wanavyolalamika juu ya paa la nyasi.

Kamau alishuka. Alivaa shati jeupe juu ya lile la vumbi. Alikwenda langoni, akavua kofia, akasema, "Hodi," kwa sauti ndogo. Hakujibiwa. Alingoja, kisha akasema tena. Alisimama juani hivyo, mikono nyuma, anaficha kucha, na wanaume wengine watatu wakaja wakasimama nyuma yake wamevua kofia, hata Gathogo asiseme neno. Sijui ulikuwa muda gani. Ulikuwa mrefu.

Mlango ukafunguka kidogo. "Ni nani huko?"

Nikajibu mimi kabla yake. "Ni Wairimu, mama. Wairimu amekuja kukuona."

Mama alitoka akitegemea ukuta. Hakumtazama Kamau. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamgeuza usoni, akamtazama masikio, akamtazama vidole, akamfuta vumbi puani kwa kidole chake. Mtoto naye alimtazama bila kupepesa. Walikuwa na paji moja la uso, wanawake wenzangu, mtu angefikiri limepimwa.

"Wairimu," mama alimwambia mtoto, kwa ukali kidogo. "Umekuja na nini kutoka Ruiru?"

Mama akatazama nje ya lango, kwenye kile kigari.

"Umekuja na hiyo kitu? Wewe Wairimu? Si ulisema hutaipanda?" Akamtikisa kidogo. "Si ulisema mbele ya watu?" Na mdomo wake ukaanza kucheza. "Basi imekwisha. Tayari nimeipanda."

Akacheka, mama yangu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia, na Gathogo akapenga kamasi kwa kofia. Alimtemea mtoto mate kifuani mara mbili, akamwombea uzima, miguu na mdomo mtamu. Halafu akatoa viazi vitamu vilivyobaki majivuni. Kamau alipokea cha kwake kwa mikono miwili akaenda kukila nyuma ya nyumba, kwa sababu mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe, na kwa hilo angalau hakukosea.

Gatuanyaga mpaka stesheni ya Thika

Jinsi tulivyowaka tena ni rahisi kueleza: Gatuanyaga yote ilisukuma. Wakata mkonge, majirani, na yule mzee wa saluti. Mama aliketi ndani ya kigari na viatu vyake vya kanisani, Wairimu mapajani, sanduku likafungwa nyuma ya Mutiso. Mimi nilipanda nyuma ya Mwalimu Zakayo nikashika lile koti. Pikipiki yetu iliwaka ya kwanza. Nilimsikia mama akipiga ukelele, na kabla sijaogopa nikasikia kwamba ni vigelegele.

Tulifika stesheni garimoshi limeshaingia, watu wanapanda. Kamau alikwenda mpaka mlangoni kabisa akazima. Hakutafuta mteremko. Wengine nao wakazima bila kusema kitu.

Walimpandisha mama, wakapitisha sanduku. Alikaa dirishani amemshika mtoto mpaka filimbi ilipolia. Mimi nilisimama pale mikono wazi, namngoja anirudishie. Mama alinipita. Alimnyooshea Kamau, mkono kwa mkono, akamwekea mtoto kwenye lile shati jeupe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Nishike vizuri," akamwambia.

Garimoshi likaondoka. Tulisukuma kutoka stesheni kwa sehemu kubwa ya njia, na Kamau alifuta macho mpaka Ruiru. Nilipomuuliza, alisema ni vumbi. Barabara ile ina lami.